Mstari wa Dini

Asubuhi ya Haydom huanza na supu. Nje ya uzio wa hospitali, kwenye vibanda vya mabati ambamo ndugu wa wagonjwa hungojea saa ya kuingia wodini, sufuria huwa imeshatokota kabla jua halijapanda: mifupa ya ng'ombe, ndimu zilizokatwa vipande, pilipili, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Benchi moja huwaweka pamoja Mwiraqw aliyetoka Dongobesh, Mbarbaig wa Basotu, Mnyaturu aliyevuka kutoka upande wa Singida na Mrangi mwenye biashara Katesh. Hakuna anayeuliza ng'ombe kachinjwa na nani. Swali hilo lilishamalizwa machinjioni, alfajiri.

Mjadala unaofuata umewekwa kwenye benchi hilo. Wasemaji wake watano wametungwa, ndiyo maana hawana majina. Hoja zao hazikutungwa. Ni hoja ambazo mtu aliyekaa Mbulu au Hanang atakuwa amezisikia, ila kwa sauti ya chini kuliko inavyostahili.

Anayeanza ni nesi, ambaye aliwahi kukaa Norwei kwa masomo na bado anafuatilia habari za Ulaya. Anawasimulia wenzake kwamba Ufaransa, iliyokataza hijabu katika shule za umma tangu 2004, mwaka 2023 iliongeza marufuku ya abaya. Kwamba jimbo la Quebec, huko Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2019 inayomzuia mwalimu wa shule ya umma, askari polisi na mwendesha mashtaka wa serikali kuvaa alama ya dini kazini.

"Sista, kwa hiyo serikali haina dini, halafu mkuu wa shule anasimama getini kukagua gauni la binti?" anauliza mchinjaji. Ni mzaliwa wa Kondoa, lakini kisu chake kimefanya kazi Katesh kwa zaidi ya miaka 20.

"Ndiyo maana namshukuru Mungu nimezaliwa hapa, shehe," anasema mwinjilisti mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri nchini. Anawakumbusha tarehe 3 Desemba 2023, pale tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari ya Dubai akaja. "Mwislamu kutoka Zanzibar, kichwani mtandio, amesimama mbele ya watu ambao wengi wetu ni Wakristo au watu wa dini za wazee. Nani aliuliza dini yake? Tulimwona kama mama aliyekuja msibani."

Nesi anakubali kwa kichwa. "Na mtandio ule ule usingemruhusu kuajiriwa leo kufundisha darasa la kwanza katika shule ya umma ya Montreal."

Mazungumzo mengi ya Kitanzania kuhusu jambo hili huishia hapo: wao wamekosea, sisi tumepatia. Mchinjaji hakubali yaishie hapo.

"Mzee wangu, ngoja kidogo. Hapa tumekaa nje ya hospitali ya nani?"

Swali ni zito, na wote wanalijua. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei, kwenye nyanda ambazo wakati huo hazikuwa na barabara ya maana wala daktari. Leo iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Mbulu, na inahudumia watu wa mikoa kadhaa kwa ngazi ya rufaa. Serikali huichangia, kama inavyozichangia hospitali nyingine za makanisa nchini. Msingi wa uhusiano huo wa leo ni hati ya makubaliano iliyotiwa saini Februari 1992 kati ya serikali kwa upande mmoja, na Jumuiya ya Kikristo Tanzania pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki kwa upande wa pili. Serikali iliahidi kutozitaifisha tena taasisi za makanisa na kuzisaidia kwa fedha.

"Mke wangu kajifungulia humo mara mbili," anaendelea mchinjaji. "Hakubaguliwa hata kidogo, na sitamvunjia heshima aliyempokea mwanangu. Lakini Katiba, ibara ya 3, inasema Jamhuri haifuati dini yoyote. Kodi yangu inapitia mkono wa kanisa ili inifikie mimi. Nikiuliza hivyo, naambiwa nachochea udini."

Mwinjilisti anaweka bakuli chini. "Mwaka 1955 serikali ilikuwa wapi? Mama zetu walikuwa wanakufa na watoto tumboni. Waliokuja ni wale. Ulitaka wasubiri mpaka zipatikane dini mbili ndipo wajenge?"

"Hapana. Nilitaka 1992 tuitwe wote mezani."

Hapo anaingia binti wakili. Baba yake alikuwa Mwiraqw aliyesilimu, mama yake Mnyaturu, na yeye mwenyewe amevaa hijabu. Amekuja Haydom kumwuguza shangazi yake, ambaye ni mzee wa kanisa. Anaweka jambo sawa: ugomvi si tiba, ni utaratibu. Waislamu walikuwa na chombo chao, East African Muslim Welfare Society, kilichojenga shule sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Serikali ilikipiga marufuku mwaka 1968, BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, ikashika nafasi yake. Miaka 24 baadaye serikali inasaini hati na makanisa ambayo vyombo vyao havikuguswa namna hiyo. Anayeuliza ni kwa nini Waislamu wana hospitali chache anapaswa kuusoma na ukurasa huo.

"Lakini walipewa chuo," anasema mwinjilisti.

"Walipewa, mzee. Majengo ya TANESCO Morogoro, wakati wa Rais Mkapa, na Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza 2005. Nakiheshimu. Ila chuo kilitolewa kama zawadi, na hospitali zina mkataba. Mtu wa mkataba anadai. Mtu wa zawadi anashukuru."

Nesi ana la kuongeza, na huenda ndilo lenye faida kuliko yote yaliyosemwa asubuhi hiyo. Norwei iliyowaleta wamisionari hao ilikuwa nchi yenye dini rasmi. Katiba yake iliutaja Ulutheri kuwa dini ya taifa, na haikubadilishwa mpaka 2012. Hivyo hospitali ya Haydom ilijengwa na watu wa nchi yenye dini, ikaja kuwa mkono wa kulia wa nchi isiyo na dini. Na Norwei hiyo hiyo, tangu sheria ya 1969, huzipa jumuiya zote za dini zilizosajiliwa ruzuku kwa kuhesabu waumini: kanisa linapata kwa kila kichwa, msikiti unapata kwa kila kichwa, hata jumuiya ya wasioamini Mungu inapata. Ni nchi hiyo hiyo pia iliyokataza nikabu madarasani mwaka 2018. Mkono mmoja unatoa, mwingine unavua.

"Basi na sisi tufanye hivyo," anasema mchinjaji. "Kichwa kwa kichwa."

"Utahesabu nini, shehe?" anajibu wakili. "Sensa yetu iliacha kuuliza dini baada ya 1967."

Hili ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Kutouliza dini katika sensa kulikuwa na nia njema: watu wasianze kugawana nchi kwa wingi wa misikiti na makanisa. Lakini gharama yake imelipwa. Mwislamu wa Katesh anayedai kwamba watu wake wamebaki nyuma kielimu hana takwimu ya kuonyesha, na Mkristo anayekana hana takwimu ya kukanusha. Hoja isiyoweza kupimwa haifi. Inahama kutoka mezani kwenda barabarani. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa kwa sababu hiyo hiyo. Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, mvutano ulioanzia kwenye mihadhara ya kidini uliishia kwa risasi za polisi na maiti. Na Hamza Njozi alipoandika kitabu juu ya vifo hivyo, kilichotoka mwaka 2000, serikali ilikipiga marufuku. Ushahidi ambao Waislamu wamekuwa wakiutegemea kwa miaka mingi kuhusu ukaribu wa kanisa na dola uliandikwa na padri, John Sivalon, katika kitabu cha 1992 kuhusu Kanisa Katoliki na siasa ya Tanzania Bara. Cha padri serikali haikukipiga marufuku. Inaumiza kwamba maswali yanayofanana yalipata mapokezi tofauti kutokana na kinywa kilichoyasema, na huko si kulinda amani.

Mwinjilisti amesikiliza yote hayo bila kukatiza. Sasa ni zamu yake, naye ana dukuduku lake.

"Mmesema ya kwenu, na mengine ni ya kweli. Sasa nami niseme. Mimi ni mtu wa mifugo. Baba yangu alichinja, babu yangu alichinja. Lakini nyama ya kuuzwa sokoni sharti ipite kwenye kisu cha shehe. Hapa kwetu! Nimekula kwa kisu chako miaka yote, sikulalamika. Kwa nini mimi kuvumilia ni ustaarabu, na wewe kuvumilia hospitali ni kuonewa?"

Mwanzoni mwa 2013 swali hilo lilimwaga damu. Huko Buseresere, Geita, Wakristo walidai haki ya kuchinja na kuuza wenyewe, na katika vurugu zilizofuata mwezi Februari mchungaji mmoja aliuawa. Viongozi wa serikali walihangaika kati ya Mwanza na Geita wakisisitiza mazoea yaendelee, Mwislamu achinje nyama ya sokoni ili kila mtu aweze kula. Agizo lilituliza bucha. Halikumjibu mtu kama mwinjilisti, anayejua kwamba mazoea hayo hayakuandikwa popote katika Katiba isiyo na dini.

Mchinjaji hajibu haraka. Anaeleza kwanza kazi yenyewe. Kisu hunolewa mbali, ng'ombe asikione. Hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikielekezwa kibla, ambayo kwa mtu wa Hanang ni kaskazini, ule upande wa nyanda za Karatu na Ngorongoro. Anataja jina la Mungu, anapitisha kisu shingoni bila kukiinua, kisha anasubiri damu itoke yote kabla mtu hajagusa ngozi. Mikono yake inaonyesha hewani huku akisema, na muuza supu amesimama na upawa akimtazama.

"Huyo ng'ombe hakuwa wangu, mzee wangu, na nyama si yangu. Nachinja ili wewe ule na mimi nile. Ukichinja wewe, wewe utakula na mimi nitaondoka benchini. Hiyo ndiyo tofauti. Lakini nakubali, hukuulizwa. Nami hospitali sikuulizwa. Tumelingana hapo."

Nesi anawaambia kwamba Norwei isingempa mchinjaji huyu kazi. Sheria yao, tangu 1929, inataka mnyama azimishwe fahamu kwanza ndipo achinjwe. Ilipotungwa, iliwagusa Wayahudi; Waislamu waliikuta. Huko serikali imechagua upande wa mnyama dhidi ya dua. Hapa imechagua benchi moja, na imelichagua kwa mazoea, bila kumwuliza anayelipa.

"Mnyama asiyechinjwa hivyo ni kibudu," anamalizia mchinjaji. "Siwezi kula kibudu."

Mwisho wa benchi amekaa mama wa Kibarbaig, sketi ya ngozi, bangili za shaba zimepanda mpaka karibu na kiwiko. Kiswahili chake ni cha mnadani, kifupi, lakini hakuna neno lililompita.

"Kibudu ni nini?"

Kimya. Wakili anamweleza taratibu: mnyama aliyekufa bila kuchinjwa.

"Sisi ng'ombe wa mila tunamziba pumzi," anasema mama. "Mzee mkubwa akifa, tunafanya hivyo. Tunamjengea bung'eda. Miezi mingi watu wanakuja, udongo unapanda, tunaimba. Huyo ng'ombe unamwita kibudu?"

Mchinjaji anainamisha kichwa. Hakukusudia, na inaonekana usoni.

Mama hajamaliza. Anasimulia Basotu ya utoto wake. Wabarbaig walilisha tambarare zile zilizo chini ya Mlima Hanang mpaka lilipokuja shirika la serikali la NAFCO, kuanzia miaka ya karibu na 1970, na mradi wa ngano uliofadhiliwa na Kanada: mashamba saba makubwa, ekari zipatazo 100,000, matrekta kutoka ng'ambo. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 1985. Lakini mama haongelei ekari. Anaongelea makaburi. Bung'eda kadhaa zilikuwa ndani ya mashamba hayo, na plau zilipita juu yake.

"Ingekuwa msikiti, wangepita? Ingekuwa kanisa?"

Hakuna anayejibu, kwa sababu jibu wanalijua wote.

Kanada hiyo hiyo, iliyofadhili ngano, ina historia yake na suala la dola kuzitendea dini kwa usawa. Katika jimbo la Ontario, sheria ya usuluhishi ya 1991 iliwaruhusu watu kumaliza migogoro ya kifamilia mbele ya wazee wa dini yao, na Wayahudi walikuwa wakiutumia mlango huo kimyakimya. Mwaka 2003 Waislamu wakatangaza kwamba nao watautumia. Zikafuata kelele za miaka miwili, wanawake wengi wa Kiislamu wakiwa miongoni mwa wapinzani, na Septemba 2005 waziri mkuu wa jimbo, Dalton McGuinty, akaamua kuufunga mlango kwa dini zote. Wakili anaisimulia habari hiyo kwa uzito wa mtu anayejitazama ndani yake.

Baba yake alipofariki, baba zake wadogo walitaka mali igawanywe kimila. Kaka zake walitaka sheria ya Kiislamu. Aliyeamua alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, Mkristo, kwa kutazama mtindo wa maisha ya marehemu: aliswali, alifunga, alifunga ndoa kwa mkataba wa Kiislamu. Hakimu akagawa kwa Kurani, mama thumni, binti nusu ya kijana. Mahakama ya serikali isiyo na dini ikatekeleza dini, na ikaitekeleza vizuri.

"Kwa hiyo hatuhitaji mahakama ya Kadhi?" anauliza mwinjilisti kwa matumaini.

"Sikusema hivyo," anajibu. Kenya imeziweka mahakama za Kadhi ndani ya Katiba ya 2010 licha ya makanisa mengi kupinga, na Zanzibar inazo. Bara, CCM iliahidi mwaka 2005 kulitafutia suala hilo ufumbuzi, na muswada wa 2015 ukaondolewa bungeni. "Ninachosema ni kwamba mimi, binti, ningependa kuwa na mlango wa kutokea. Yule hakimu alinisikiliza. Je, Kadhi atanisikiliza? Nataka niulize hadharani, na nisiambiwe nimetoka kwenye dini."

Mchinjaji anamtazama. "Uliza, mwanangu. Hata mimi nataka kujua."

Kabla mama wa Kibarbaig hajafungua kinywa, mjadala ulikuwa na pande mbili, kama ilivyo mijadala yetu karibu yote. Kwenye sherehe za taifa shehe husoma dua, askofu huomba, kisha shughuli zinaendelea, na tunauita mpango huo kutokuwa na dini. Kwa kweli ni mpango wa dini mbili. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuliona pengo hilo. Hanang, ambako mzee wa Kibarbaig bado anazikwa chini ya kichuguu cha heshima, na Mbulu, ambako bibi zao hawa Walutheri na Wakatoliki walimwomba Looa, pengo limekaa benchini na bangili za shaba. Mwislamu wa Katesh, ambaye kwenye suala la hospitali ni mmoja wa wachache wasiosikika, mbele ya mama huyu ni mmoja wa wakubwa. Amekaa upande wa wanaoitwa mezani. Na Mkristo wa Unguja, anayechunga chakula chake kisionekane mchana wa Ramadhani, angemwelewa mchinjaji kuliko mwinjilisti anavyomwelewa.

Saa ya kuingia wodini inakaribia. Mama anafungua fundo la shuka, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni hati ya kiapo aliyoandikiwa zamani katika ofisi moja, kwa ajili ya kusahihisha jina la mwanawe. Jina bado lina kosa, na sasa anahitaji hati nyingine. Amesikia kwamba binti huyu ni wakili na ana muhuri.

Wakili anaisoma. Hati za namna hiyo nchini huanza kwa utaratibu mmoja: jina, mtu mzima, dini, mkazi wa mahali fulani. Mkristo huapa, Mwislamu huthibitisha. Hapa, kwenye mstari wa dini, mtu ameandika kwa wino wa bluu: "Hana."

Mwinjilisti anainama kuona. Mchinjaji naye anasogea, na benchi linalia.

"Waliandika nini?" anauliza mama.

Wakili anamsomea.

"Mimi nina Aseta, Mungu wetu," anasema mama. "Tangu nizaliwe."

Binti anatoa karatasi safi kwenye mkoba, anaiweka juu ya goti, anaandika jina, anaandika "mtu mzima", kisha kalamu inasimama. Anamwuliza mama neno hilo linaandikwaje. Mama hajui kusoma. Mwinjilisti, aliyekua na majirani Wadatoga, anasema zinahitajika "e" mbili. Mchinjaji anadhani moja inatosha. Mama anawaambia wanyamaze, anamgeukia binti, na analitamka tena polepole ili alisikie vizuri.